Miundi Mbele: Nilivyojifunza Kusimama Kabla ya Kukata Kona

Buti la skii, vile vibao viwili virefu na vyembamba vya kutelezea juu ya theluji, halitaki mguu ulionyooka. Ni gamba gumu la plastiki lililoinamishwa mbele kidogo, na ukishakaza bizimu zake, kifundo cha mguu hakina pa kwenda isipokuwa mbele. Ukijaribu kusimama wima, shavu la mguu linabanwa na ukuta wa nyuma wa buti na mwili wote unarudi visiginoni. Ukikunja kifundo, goti na nyonga kwa pamoja, muundi unakutana na ulimi wa buti, uzito unatua katikati ya wayo, na hapo mtu akikusukuma begani huendi popote. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa kwenye mlima wa Feldberg, na nilipewa penye tambarare, bila skii miguuni, huku watoto wa chekechea wakitupita wakishuka kwa vigelegele.

Ninaishi Freiburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, na ni muuguzi katika wodi ya mifupa. Kila majira ya baridi wodi yetu hupokea magoti. Mgonjwa analetwa bado amevaa suruali ya theluji, na mara nyingi ukimuuliza ilikuwaje, hadithi yake haina mwendo mkali, haina mti, haina kugongana na mtu. Alikuwa karibu kusimama. Akakalia nyuma, goti likajipinda kwa ndani, akasikia mlio. Kano ya msalaba ya mbele, iliyo ndani ya goti, imekatika. Nimewawekea barafu watu hao, nimewafundisha kutembelea magongo, nimewasikiliza usiku wakiniuliza kama watarudi mlimani. Kwa hiyo mwenzangu wa kazini, dada wa Nyeri aliyefika Ujerumani kabla yangu, aliponialika twende Feldberg, nilikwenda na swali langu moja: mwili unatakiwa ukae vipi ili goti lisifike kwetu?

Feldberg una urefu wa mita 1,493 na hakuna mlima mrefu kuupita Ujerumani nje ya Milima ya Alpi. Kutoka Freiburg unapanda treni inayopenya bonde jembamba lenye kuta za mawe, unapita Titisee, unashuka kituo cha Feldberg-Bärental ambacho kiko mita 967 juu ya usawa wa bahari, kisha basi linakumalizia safari. Mjini mvua inanyesha, kule juu misonobari imebeba theluji. Watu wa eneo hili wanajivunia mchezo huu kama urithi wao, na wana haki: klabu ya skii ya Todtnau, upande wa pili wa mlima, ilianzishwa mwaka 1891, na kule Schollach, si mbali sana, mwenye nyumba ya wageni aitwaye Robert Winterhalder alijenga mwaka 1908 lifti ya kuvuta wageni wake mlimani kwa nguvu ya kinu cha maji. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye uso uliochomwa na jua la theluji, alitusimulia habari za Winterhalder tukiwa foleni ya kukodisha vifaa, na nadhani alifanya hivyo makusudi ili tusiharakishe kuchukua vifaa visivyotufaa.

Vifaa vyenyewe ni nusu ya mkao, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu naona watu wengi wakipita haraka. Buti likiwa kubwa, mguu unaelea ndani yake na hakuna unachokifanya kwa muundi kitakachofika kwenye skii. Ukisimama wima, vidole viguse mbele ya buti kidogo tu. Ukikunja magoti, virudi nyuma na kupata nafasi. Soksi iwe moja, nyembamba, ndefu hadi chini ya goti, na suruali isiingie ndani ya buti hata kidogo, maana mkunjo mmoja wa kitambaa juu ya muundi utakuumiza hadi jioni na utaanza kuukwepa muundi wenyewe, yaani utaanza kukaa nyuma. Skii za anayeanza huwa fupi, zinamfikia kidevuni hivi, kwa sababu ndefu ni ngumu kugeuza. Na vifungio vinavyoshika buti kwenye skii fundi huvirekebisha kwa kuangalia uzito wako, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na kiwango chako cha uchezaji. Mwambie fundi ukweli wa uzito wako. Kifungio kikikazwa kupita kiasi hakikuachii unapoanguka. Kikilegea kupita kiasi kinakuachia katikati ya kona.

Kwa miaka mingi sasa vifungio hivi vimeokoa miundi ya watu isivunjike, jambo ambalo wauguzi wakongwe wodini kwetu wanalizungumza kwa shukrani. Goti lakini havijaliokoa vivyo hivyo. Kifungio cha kawaida huachia mbele kwa kupinda pembeni na nyuma kwa kuinuka juu. Anayeanguka polepole huku amekalia nyuma analipinda goti kwa namna ambayo kifungio hakiitambui. Mkia wa skii ya upande wa bondeni unauma theluji kwa ukingo wake wa ndani, unageuka na kuukokota mguu, na makalio yakiwa chini kuliko magoti hakuna msuli wenye nguvu ya kuuzuia. Nilikuwa nimesoma hayo kwenye vitabu vya kazi. Kuyaelewa kwa miguu yangu mwenyewe kulikuja pale mwalimu aliponifungia skii moja tu na kuniambia nisukume kwa mguu wa pili kwenye tambarare.

Zoezi hilo la skii moja ndilo ningempa kila anayeanza, hata kabla ya kuona mteremko. Unasukuma, unateleza juu ya mguu mmoja, unasimama, unabadilisha. Ndani ya muda mfupi unagundua mahali pamoja tu chini ya wayo ambapo skii inateleza bila kuhangaika, na mahali hapo ni mbele kuliko unavyodhani, kati ya kisigino na kitanga cha mguu. Ukirudi kisiginoni, ncha ya skii inaanza kutangatanga kushoto na kulia. Ukibanwa mbele mno, mkia unakuwa mwepesi na unakuacha. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kuchukua nafasi ya dakika hizo.

Kisha tukafika kwenye mteremko, ule mdogo kabisa, penye zulia la mpira linalotembea na kukupandisha umesimama. Hapo ndipo mwili wa binadamu unapoonyesha unachoamini. Ardhi ikiinama mbele yako, kila kitu ndani yako kinataka kujivuta nyuma, kuelekea mlimani, kuelekea mahali palipo salama. Ni jambo la asili na si la kuonea aibu. Kwenye ngazi zenye utelezi au kwenye njia ya matope mkao huo unasaidia. Kwenye skii unaondoa usukani. Sehemu ya mbele ya skii ndiyo inayoingia kwenye kona kwanza, na ukijivuta nyuma sehemu hiyo haina uzito juu yake, haishiki, inateleza moja kwa moja. Unapata mwendo zaidi, unaogopa zaidi, unajivuta nyuma zaidi. Mapaja yanaanza kuwaka moto, na hiyo ndiyo dalili ya uhakika: paja linalowaka kwenye mteremko wa watoto linakwambia umekaa badala ya kusimama.

Mwalimu hakutuambia tusiogope. Alitupa kazi ya kufanya na miundi. Kila alipotuona tunarudi nyuma aliita, "Miundi!" nasi tukakunja vifundo hadi tuuhisi ulimi wa buti. Mwenzangu wa Nyeri yeye alisimamia mikono yangu. "Dada, mikono!" alikuwa akiniita kwa Kiswahili kutoka pembeni, maana mikono ikishuka ubavuni au kurudi nyuma ya nyonga, mabega yanafuata, na makalio yanafuata mabega. Mikono ikae mbele, viwiko mbali kidogo na mbavu, uione yote miwili bila kushusha macho. Mwalimu alitunyang'anya fimbo kwa muda mrefu wa siku ile ya kwanza, na mtu wa wodi ya mifupa hawezi kulalamika kwa hilo: ukianguka na fimbo mkononi, mpini wake unaweza kuvuta kidole gumba nje na kuchana kano yake. Majeraha hayo nayo tunayapokea.

Baadaye alitupa fimbo na kutuambia tuzishike kwa kuzilaza mbele yetu kwa mikono yote miwili, tushuke bila kuziacha ziinamie upande wowote. Nilikulia Muheza, ambako maji yalibebwa kichwani, na hapo mwili wangu ulilitambua jambo hilo papo hapo: mwenye ndoo kichwani haruhusu mabega yake yayumbe, miguu ndiyo inayomeza mashimo ya njia. Kuanzia nyonga kwenda juu, utulivu. Kuanzia nyonga kwenda chini, kazi.

Umbo la kwanza linalofundishwa ni plau. Visigino vinasukumwa nje, ncha za skii zinakaribiana bila kugusana, na skii zinafanya pembe tatu iliyofunguka nyuma. Watoto wa Ujerumani wanafundishwa kuiita pitsa, na skii zikinyooka sambamba wanaita chipsi, kwa hiyo mlimani siku nzima unasikia sauti za walimu zikiita pitsa, pitsa, chipsi. Ukipanua pitsa unapunguza mwendo, ukiifinya unaongeza. Umbo hili si la kitoto, ingawa watu wazima wanalikimbia. Mathias Zdarsky, aliyekuwa akifundisha Lilienfeld nchini Austria mwishoni mwa karne ya 19, alijenga ufundi wake juu ya kusukuma kisigino nje namna hiyo ili aweze kushuka kwenye miinuko mikali, na Hannes Schneider wa Arlberg, hukohuko Austria, akaja kupanga mafunzo yake yaanzie kwenye plau na kupanda hatua kwa hatua hadi skii sambamba. Zaidi ya miaka 100 imepita na mwalimu wetu alitupitisha njia hiyohiyo. Binafsi naona plau ni shule nzuri kwa sababu moja: ndani yake kila skii tayari inatazama upande wake. Ya kulia inatazama kushoto, ya kushoto inatazama kulia. Huna haja ya kuigeuza. Unachagua tu ni ipi utakayoisimamia.

Na hapo ndipo penye kiini cha mambo yote niliyojifunza. Ukitaka kwenda kushoto, simama juu ya mguu wa kulia. Ukitaka kwenda kulia, simama juu ya wa kushoto. Mguu wa nje ya kona ndio unaobeba. Kuuelewa msemo huo ni kazi ya sekunde moja. Mwili kuukubali ni kazi nyingine, kwa sababu kila kitu kingine tulichowahi kuendesha kinatufundisha kuinamia upande wa ndani. Mimi huenda kazini kwa baiskeli, na baiskeli ukikata kona kushoto unaulaza mwili wote kushoto. Ukifanya hivyo kwenye skii ukiwa bado mwanafunzi, uzito unahamia mguu wa ndani, mguu wa nje unabaki mtupu, unateleza na kukukimbia, na unaangukia ubavu wa upande wa mlimani. Waendesha baiskeli na pikipiki, nasema hili kwenu hasa: lile bega la ndani linalotaka kushuka, lizuieni.

Dawa aliyotupa mwalimu ni rahisi na nimeitumia mno. Unapoanza kona ya kushoto, peleka mkono wa kulia chini ukaguse goti la kulia kwa nje, na ukiweza, ukaguse buti. Huwezi kuligusa buti la nje bila kuhamishia uzito wako juu yake. Kona inakuja yenyewe. Unanyanyuka taratibu, unapita ule mstari wa kushuka moja kwa moja, ambao bonge la theluji lingeufuata kama ungeliachia, kisha unahamia mkono wa pili na buti la pili. Mwenzangu alikuwa akinitangulia mita chache akifanya zoezi hilo kwa utaratibu mzuri, mkono chini, juu, mkono chini, juu, nami nikifuata mkondo wa skii zake.

Kipande cha kona kinachotisha ni pale katikati, skii zinapotazama bondeni. Kabla ya hapo unakatiza mteremko na una amani; baada ya hapo unakatiza tena upande wa pili. Katikati kuna muda mfupi ambao huna budi kuziacha skii zishuke. Mwanafunzi anataka kuuruka muda huo, anazungusha mabega kwa nguvu akitumaini skii zitafuata. Mabega yanageuka, skii zinabaki, na mwili unaishia umeupa mlima uso na bonde mgongo. Nilimwona kijana mmoja wa kundi letu, mwenye nguvu kuliko sote, akichoka kabla ya wote kwa sababu kila kona aliipigania kwa kifua. Kona ya skii inahitaji subira. Simama juu ya mguu wa nje, sukuma muundi wake, halafu ngoja. Skii ni nyembamba katikati na pana kwenye ncha zote mbili. Ikiinamishwa kwenye ukingo wake wa chuma na kuwekewa uzito, umbo lake lenyewe linaivuta izunguke. Wachongaji wa Telemark nchini Norway walikuwa wakizipa skii kiuno tangu karne ya 19, na skii za leo zina kiuno zaidi. Mpe fundi wa skii heshima yake, iache skii ifanye ilichochongewa.

Macho nayo yana uzito wake. Ukitazama ncha za skii, shingo inainama na mgongo unafuata. Ukimtazama mtu unayeogopa kumgonga, unamfuata yeye. Mwalimu alisimama chini ya mteremko akiwa ameinua vidole, tukatakiwa kuita ni vingapi huku tunakata kona, na kazi hiyo tu iliwanyoosha wengi wetu kuliko maneno yote ya asubuhi.

Kona ya kwanza niliyoimaliza kwa mguu wa nje pekee ilikuwa ya kushoto. Nilihisi theluji ikisugua chini ya wayo wa kulia kuanzia kidole gumba hadi kisigino, mwendo ukapungua wenyewe bila mimi kuusaidia, na nikasimama nikiwa nimegeukia mlimani kidogo. Furaha yake nashindwa kuieleza nusu. Mwenzangu akapiga kelele, "Hiyo dada! Hiyo sasa!" na mwalimu, ambaye Kiswahili hakijui, akapiga makofi ya glavu.

Kutulia kwa kugeukia mlimani ndiko breki ya kweli, na ningependa kila anayeanza aambiwe mapema. Plau inapunguza mwendo kwenye mteremko mdogo, lakini kwenye mkali mapaja hayatoshi. Kona ikimaliziwa, yaani ukiendelea kuusimamia mguu wa nje hadi skii zikatize mlima na kuanza kuupanda kidogo, mlima wenyewe unakusimamisha. Wengi wanaacha kona ikiwa nusu, wanarukia inayofuata, na mwendo unajilimbikiza kona hadi kona. Sisi tulifanya zoezi la kukatiza mteremko, kuziachia skii zishuke kidogo, kuzirudisha zipande, kuziachia tena, kuzirudisha tena, bila kugeuka upande wa pili, mpaka tukafika ukingoni. Halafu upande mwingine vivyo hivyo. Hakuna la kuvutia ndani yake kwa anayetazama, na ndilo lililonipa ujasiri wa kupanda lifti inayofuata.

Kuanguka kuna adabu yake pia. Mtu anayehisi anaanguka ajiachie ubavuni, upande wa mlimani, mikono mbele, miguu pamoja, na atulie mpaka aache kuteleza. Kinachovunja kano ni kule kujaribu kujiokoa: kukaa chini ukiwa bado unakwenda, au kujaribu kuinuka kabla mwendo haujaisha. Wagonjwa wangu wananiambia hivyohivyo kwa maneno yao, "nilikuwa karibu kuokoka." Ukishatulia, zungusha miguu iwe upande wa bondeni, laza skii zikatize mteremko, zibanie ukingo wa juu kwenye theluji, kisha jisukume kwa mkono. Skii zikitazama bondeni zitaondoka kabla yako.

Shirikisho la Kimataifa la Skii na Ubao wa Theluji (FIS) lina kanuni 10 za mwenendo mlimani, na zimebandikwa kwenye mbao karibu na lifti. Kwa anayejifunza kona, kanuni ya maana kuliko zote inasema anayetoka nyuma ndiye anayepaswa kuchagua njia isiyomhatarisha aliye mbele yake. Nilipoielewa hiyo mabega yangu yalishuka. Huna haja ya kutazama nyuma katika kila kona wala kumkwepa kila anayekuja. Aliye juu yako ana wajibu wa kukuona. Wewe wajibu wako ni kumlinda aliye chini yako, kuangalia juu kabla ya kuanza kushuka, na usisimame katikati ya njia mahali pembamba au mahali ambapo wa juu hawakuoni.

Mchana, tukila supu ya dengu kwenye mkahawa wa mlimani, mwenzangu alinionyesha kwenye simu picha za Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi mwaka 1998 aliyekulia Austria, akibeba bendera ya Kenya kwenye Michezo ya Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, ambako alishindana kwenye skii za milima mikali. Kabla yake, mwaka 1998 kule Nagano, Philip Boit alikuwa amebeba jina la Kenya kwenye skii za nyika, kilomita 10, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie. Boit tunamjua sote. Lakini mimi nilimtazama Simader kwa jicho la siku ile: kwenye picha moja yuko katikati ya kona, skii zimelala upande, na ukifuata kwa kidole unaona uzito wote uko wapi. Mguu wa nje. Mikono mbele. Muundi umelala juu ya ulimi wa buti. Ni yaleyale ya mteremko wa zulia, kwa mwendo ambao mimi sitaufikia na sina haja nao.

Alasiri theluji ilibadilika. Iliyokuwa ngumu na yenye mlio asubuhi ililainika kwa jua na kukusanyika vilima vilima, na miguu iliyochoka ikaanza kurudi kukaa. Mwalimu alitufungia somo mapema kuliko wengine walivyotaka. Nilimshukuru kwa moyo wote. Wodini kwetu magoti mengi yanakuja jioni, na mengi yanaanza na maneno "ilikuwa mara ya mwisho kushuka." Uchovu hauondoi ujuzi kichwani, unauondoa kwenye mapaja, na paja lililochoka haliwezi kushikilia mkao hata kama unaujua.

Tangu hapo nimeendelea kurudi Feldberg kila zamu zinaporuhusu, na hatua kutoka plau kwenda skii sambamba imekuja bila kuilazimisha. Mguu wa nje ukishabeba uzito wote, wa ndani unakuwa mwepesi, na kitu chepesi unaweza kukivuta kikae sambamba na mwenzake. Kwanza mwishoni mwa kona tu, kisha kuanzia katikati, kisha kwenye miteremko ya buluu, yaani ile rahisi, kona nzima. Kwenye barafu au mahali penye mwinamo mkali plau inarudi mwanzoni mwa kona, nami naiacha irudi. Zoezi ninalolifanyia kazi sasa ni kuinua mkia wa skii ya ndani huku ncha yake ikibaki theluji: ukiweza kuuinua tangu mwanzo wa kona hadi mwisho, basi hakuna shaka umesimama juu ya mguu unaotakiwa, na umesimama mbele, maana aliyekaa nyuma huinua ncha badala ya mkia.

Kona ya kushoto naimaliza hivyo. Ya kulia bado mkia unagusa theluji katikati, kwa hiyo mguu wangu wa kushoto ndio dhaifu. Wenzangu wa tiba ya viungo wameniandikia mazoezi tunayowapa wagonjwa wa magoti: kusimama kwa mguu mmoja kwenye kipandio cha ngazi, kushuka taratibu hadi kisigino cha pili kiguse chini, goti lisiingie ndani, kisha kupanda. Nayafanya asubuhi kabla ya zamu, wa kushoto mara mbili zaidi ya wa kulia.